Gari kuukuu likizima kwa joto: lipime likiwa bado moto

Kaskazi ikianza kulegea, Februari na Machi, maswali ninayoulizwa huwa ni yale yale. "Gari linawaka asubuhi bila tabu. Natoka Malindi vizuri, nikifika Gongoni linazima. Nikilingoja nusu saa linawaka tena. Nimebadilisha plagi, nimebadilisha filta, nimenunua koili mpya. Shida ni nini?"

Sijui, na aliyekuuzia koili naye hakujua. Vitu vinavyoweza kuzima injini ikipata moto ni vingi, na dalili kwa mtu aliye kwenye usukani ni moja. Dawa ni kupima, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea: gari linapimwa likiwa limeshapoa. Linavutwa hadi gereji, fundi anapiga stata, linawaka. Koili inapimwa, nzima. Pampu inapimwa, nzima. Basi mnaanza kubahatisha vipuri, kimoja baada ya kingine. Ugonjwa huu huonekana kwa dakika chache tu baada ya injini kuzima, kwa hiyo kazi yote iliyo hapa chini imepangwa ili dakika hizo zikukute uko tayari, boneti juu na mita mkononi.

Ninazungumzia magari ya petroli ya zamani yenye kabureta: Peugeot 504, pikapu za Datsun, Corolla KE70, Hilux na Suzuki za miaka ya 80. Yale ya mwanzo mwanzo ya EFI, yanayopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, nayo yamo, hatua ya 8. Dizeli nimeiwekea maneno machache mwishoni.

Tuondoe jambo moja njiani. Kuzima kwa joto ni tofauti na kuchemsha. Kama sindano ya joto inapanda hadi kwenye nyekundu, au maji yanapungua, au mvuke unatoka, achana na mwongozo huu kwanza. Shughulikia rejeta, thamostati, feni na gasketi ya silinda hedi. Ninayemwandikia hapa ni yule ambaye sindano yake iko katikati, pale pale pa kila siku, na bado gari linazima.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mita ya umeme inayopima volti na omu. Ya bei ya chini inatosha.
- Plagi moja ya zamani, safi, na kipande cha waya chenye vibanio ncha zote mbili.
- Spana za 8, 10, 12 na 13, bisibisi mbili, praya.
- Nusu mita ya bomba la mpira la petroli na chupa ngumu yenye mfuniko.
- Waya mwingine wenye fyuzi ya ampea 10, urefu wa kutoka betri hadi koili.
- Maji lita 2 na kitambaa cha pamba. Kipande cha kanga kuukuu kinashika maji kuliko matambara ya dukani.
- Glavu au kitambaa kikavu kinene, maana utagusa vyuma vya moto.
- Kizima moto. Si cha hiari.
- Daftari, na mtu wa kukupigia stata. Peke yako utahangaika.

Tahadhari nne

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Kila mtu anaijua hii na kila mwaka kuna mtu anayeungua uso.

Usimwagie injini maji baridi ili "ipoe haraka". Chuma kilichopata moto kikimwagiwa maji kinaweza kupasuka, na silinda hedi iliyopasuka ni gharama kubwa kuliko ugonjwa uliokuwa nao. Maji uliyobeba ni ya kulowesha kitambaa.

Usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa ukingoje lipate moto. Moshi wa ekzosi una gesi isiyo na harufu inayoua.

Cheche na petroli visikutane. Ukipima cheche, bomba za petroli ziwe zimefungwa zote na kifuniko cha hewa kiwe juu ya kabureta. Ukipima petroli, chomoa kwanza waya mwembamba wa koili ili kusiwe na cheche popote. Na sigara, ya kwako au ya mpita njia aliyekuja kutoa ushauri, iwe mbali.

Hatua

1. Andika namna linavyozima. Kabla ya kushika spana yoyote, jibu haya kwenye daftari. Linazima ghafla, kama mtu aliyezungusha ufunguo, au linadhoofika, linastukastuka, halafu ndipo linazima? Linazima ukiwa mwendoni, au ukipunguza mwendo kwenye matuta na kwenye foleni ya Mtwapa? Au halizimi lenyewe, ila ukisimama kununua machungwa na kurudi baada ya dakika 10 haliwaki?

Kuzima ghafla mara nyingi ni umeme. Kudhoofika na kustukastuka mara nyingi ni petroli. Kuzima kwenye mlio wa chini tu, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga eksileta, ilhali mwendoni linakwenda vizuri, mara nyingi ni kabureta au valvu. Nimesema mara nyingi. Ni mwelekeo wa kuanzia, usinunue kitu kwa sababu yake.

Kama gari lako lina saa ya mizunguko ya injini, itazame wakati linazima huku gari bado linaviringika kwenye gia. Sindano ikianguka sifuri papo hapo na injini bado inazungushwa na magurudumu, upande wa umeme wa koili umekatika. Ikishuka taratibu pamoja na mwendo, umeme upo, tafuta petroli.

Kuhusu lile la kusimama dakika 10: injini ikizimwa, maji hayazunguki tena na upepo haupiti. Joto la chuma linapanda kwenye kabureta na pampu, na chini ya boneti kunakuwa na moto zaidi kuliko ulipokuwa ukiendesha. Usishangae gari linaloenda vizuri hadi Marafa likakataa kuwaka baada ya kusimama kidogo.

2. Kagua likiwa baridi. Hapa kwetu pwani ningekaa kwenye hatua hii muda mrefu kuliko fundi wa bara. Hewa ya bahari ina chumvi, na ukiwa unapita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, au unabeba magunia yake, waya zako zinaliwa kimya kimya. Kiungo cha umeme kilicholiwa na kutu hupitisha umeme kikiwa baridi. Kikipata joto kinatanuka, mgusano unapungua, umeme unakatika. Kikipoa kinarudi.

Anza na betri: fungua vichwa vyote viwili, kwaruza mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu. Halafu fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi, na ule unaotoka kwenye bodi hadi kwenye injini. Huo wa pili husahauliwa. Magari mengi nimeyakuta umefungwa juu ya rangi, au haupo kabisa na injini inapata njia ya umeme kupitia kebo ya eksileta. Fungua, kwaruza, paka grisi kidogo juu baada ya kukaza.

Sasa pima. Mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya 0.5 volti, njia hiyo bado ni mbovu. Usiendelee mpaka hapa pawe sawa, kwa sababu vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya.

Tazama pia bomba la petroli limepitia wapi. Kiwandani liliwekwa mbali na ekzosi, lakini gari la miaka 40 limeshapita mikononi mwa watu wengi. Nimeona bomba za mpira zimelalia manifoldi ya ekzosi. Na tazama chini ya kabureta: kuna kipande kinene cha kuzuia joto kati yake na manifoldi ya kuingiza hewa. Wengine hukitupa wakibadilisha gasketi kwa kuwa "kinaongeza urefu tu".

3. Chukua vipimo vya koili ikiwa baridi, uviandike. Chomoa waya zote za koili. Mita kwenye omu, pima kati ya nguzo mbili ndogo, chanya na hasi. Koili ya mfumo wa pointi (swichi ndogo ndani ya distributa, kile kigawa cheche) isiyo na rezista ya nje, yaani kipande cha kupunguza umeme unaoiingia, husoma karibu omu 3. Inayotakiwa kufanya kazi na rezista ya nje husoma karibu 1.5. Halafu pima kati ya chanya na tundu la katikati lenye waya mnene: kwa kawaida ni maelfu kadhaa ya omu, kati ya 5,000 na 15,000.

Nisimame hapa kidogo, maana hapa pana ugonjwa ambao watu wanajinunulia wenyewe. Koili ya omu 1.5 ikifungwa kwenye gari lisilo na rezista, umeme unaopita ndani yake ni mara mbili ya uliokusudiwa. Gari litawaka vizuri sana, hata vizuri kuliko zamani, na mwenyewe atafurahi. Baada ya nusu saa koili ina moto usioweza kuishika, na gari linazima. Analaumiwa muuzaji kwamba koili ni bandia, inanunuliwa nyingine ya namna ile ile, mchezo unaanza upya. Soma ubavuni mwa koili kabla hujalipa: zile za rezista ya nje huandikwa hivyo. Kinyume chake pia kipo: gari lina rezista, fundi ameiruka kwa waya kwa sababu ilikuwa imekufa na duka lilikuwa limefungwa. Tafuta kipande cheupe cha kauri karibu na koili, au waya mrefu wa ajabu usioeleweka kazi yake.

4. Lifanye lizime. Vitu vyote viwe ndani ya gari. Chagua njia unayoweza kusimama bila hatari: barabara ya Kakuyuni ina nafasi pembeni, na kuelekea Mambrui pia, ila usijipange kuzimikiwa juu ya daraja la Sabaki. Endesha saa ya mchana. Watu hujaribu jioni kukiwa na upepo wa bahari, gari linakwenda vizuri, wanasema limepona.

Kama linazima ukiwa umesimama tu, huna haja ya kwenda popote. Liache linanguruma uani, mahali pa wazi, boneti imefungwa.

5. Limezima. Usipige stata mara kumi ukiomba Mungu. Sogeza pembeni, kaza breki ya mkono, fungua boneti. Una kama dakika 5 za ukweli.

Kwanza, cheche. Chomoa waya mmoja kwenye plagi, uvike kwenye ile plagi ya zamani, na chuma cha plagi ukibane kwa waya kwenye chuma kitupu cha injini. Usiishike mkononi. Mwenzako apige stata kwa sekunde 3. Unataka cheche ya buluu, yenye sauti, kila mara. Cheche nyembamba ya manjano ni sawa na kutokuwepo, kwa sababu ndani ya silinda, chini ya mgandamizo, haitaruka.

Cheche ikikosekana, nenda hatua ya 6 haraka.

Cheche ikiwepo, zima ufunguo, chomoa waya mwembamba wa koili, toa kifuniko cha hewa, chungulia mdomo wa kabureta na usukume mkono wa eksileta kwa kidole mara moja. Uone mchirizi wa petroli ukiruka ndani. Hakuna mchirizi: hatua ya 7. Mchirizi upo: hatua ya 9. Kumelowa, petroli inatiririka, harufu inakupiga: hatua ya 8, kifungu cha kwanza.

6. Hakuna cheche. Ufunguo uwe umewashwa, mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye chuma, nyekundu kwenye chanya ya koili. Kusiposoma kitu, koili haina kosa. Umeme hauifikii. Chukua ule waya wenye fyuzi, unganisha chanya ya betri na chanya ya koili moja kwa moja, piga stata. Likiwaka, shida iko kati ya betri na koili: swichi ya ufunguo, fyuzi iliyolegea, rezista, au kiungo chenye kutu. Swichi za ufunguo za zamani hupata moto ndani na kukatika. Mwenzako aitikise ufunguo wakati wewe unatazama mita. Na kumbuka, gari lililowashwa kwa waya huo halizimiki kwa ufunguo. Utachomoa waya. Usiliache hivyo ukaendesha, utaunguza koili na pointi.

Volti zipo? Lowesha kitambaa, kikamue, kifunge kwenye koili, ngoja dakika 2, piga tena. Cheche ikirudi, umempata. Ili uwe na hakika, likizima tena pima omu za koili ikiwa moto kabla ya kuipoza, ulinganishe na daftari. Kupanda kidogo ni kawaida ya shaba. Kuruka kutoka 3 hadi mamia, au mita kuonyesha hakuna njia kabisa, ni uzi uliokatika ndani unaoachana kwa joto.

Koili ikiwa nzima, shuka kwenye distributa. Penye pointi, zifungue kwa bisibisi huku ufunguo umewashwa na uone kama zinatoa kacheche kadogo. Tazama uwazi wake, kwa magari mengi ni kati ya milimita 0.4 na 0.5. Kile kipande cha faiba kinachoteleza juu ya kemu kikiisha, uwazi unajifunga kidogo kidogo hadi siku ya joto unakwisha. Kondensa, kile kikopo kidogo kinachotuliza cheche za pointi, ni ya bei ndogo na haipimiki kwa uhakika kwa mita ya kawaida: badilisha kwa nyingine unayojua ilikuwa ikifanya kazi, na usitupe ya zamani mpaka umethibitisha.

Pasipo pointi kuna moduli ya elektroniki, ndani ya distributa au ubavuni mwake. Hizi hufa sana kwa joto. Jaribio ni lile lile la kitambaa, ila kikamuliwe sana, maji yasiingie. Ukiifungua utakuta mgongo wake ulipakwa grisi nyeupe laini ya kupitisha joto. Ikikauka, moduli mpya nayo itakufa. Nunua na grisi yake.

7. Cheche ipo, petroli haipo. Kabla ya yote fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia tenki linavuta pumzi kwa nguvu, na baada ya hapo gari likawaka, kazi imekwisha: tundu la hewa la kifuniko limeziba. Petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake. Mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini chini ya vifuniko vya matenki bado unaishi, watu wameuweka ili petroli isimwagike.

Sio kifuniko? Waya wa koili ukiwa bado umechomolewa, toa bomba la petroli kwenye kabureta, livike bomba lako la mpira, liingize kwenye chupa mbali na ekzosi. Piga stata. Pampu ya mitambo nzima hutapika petroli kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoa mapovu na mvuke, petroli inachemka njiani. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 tu, na upande wa kunyonya wa pampu, ambako mgandamizo ni mdogo, zinachemka mapema zaidi. Funga kitambaa chenye maji kwenye pampu. Ikirudisha nguvu, hamisha bomba lililo karibu na joto, rudisha vizuizi vya joto vilivyotolewa, na uangalie bomba za mpira kati ya tenki na pampu. Mpira wenye ufa mdogo hauvuji petroli, unaingiza hewa, na pampu inanyonya hewa badala ya mafuta.

Ikiwa haitoi kitu au inatoa kidogo tu, chomoa bomba linaloingia kwenye pampu na upulize kuelekea tenki, kifuniko kikiwa wazi. Ukisikia mabubujiko, njia iko wazi na pampu ndiyo mbovu. Ukishindwa kupuliza, kuna uchafu kwenye kichujio cha tenki. Tenki lenye kutu hufanya hivi hasa: uchafu unavutwa polepole hadi unaziba, gari linazima, ukingoja unazama chini, gari linawaka. Watu husema ni joto kwa sababu linatokea baada ya mwendo. Alama yake ni kwamba hata usiku wa baridi linafanya vilevile, mradi umekwenda mbali.

Kuhusu kubana vibanio vya nguo kwenye bomba la petroli kama wazee walivyofanya: havidhuru, na sijaona vikitibu.

8. Petroli ni nyingi, au gari ni la EFI. Kabureta ikifurika likiwa moto, kanyaga eksileta hadi chini uishikilie hapo, usiipampu, na upige stata kwa sekunde 5. Likiwaka na kutoa moshi mweusi, yalikuwa mafuriko. Tazama kama choki imebaki imefungwa injini ikiwa moto, halafu sindano na boya ndani ya kabureta. Sindano yenye mdomo uliolika huvuja joto likipanda.

Kwa EFI, usilegeze bomba la petroli injini ikiwa moto. Ndani mna mgandamizo wa karibu bar 2.5 hadi 3 na petroli itaruka juu ya ekzosi. Jaribio la cheche linabaki kama lilivyo. Kwa Toyota nyingi za mwisho wa miaka ya 80 na za 90 kuna kisanduku cheusi chini ya boneti kilichoandikwa majina ya matundu kwenye kifuniko. Ukiunganisha B+ na Fp kwa waya, ufunguo umewashwa, pampu inapaswa kuunguruma kwenye tenki. Ikinyamaza, na kugonga tenki kwa kiganja kunaiamsha, pampu imechoka. Ikiunguruma na gari likawaka hali lilikuwa limekataa, tafuta relei, swichi ya umeme inayowasha pampu. Relei kuukuu hupasuka risasi zake kwa ndani, nyufa zisizoonekana mpaka uivue kifuniko.

Kisanduku hicho hicho, TE1 na E1 zikiunganishwa, injini imezimwa na ufunguo umewashwa, taa ya injini kwenye dashibodi itapepesa hesabu ya namba za makosa. 12 au 13 ni kwamba kompyuta haikupata habari ya mzunguko wa injini, na kwa gari linalozima likiwa moto hiyo humaanisha sensa ya ndani ya distributa. 14 ni moduli ya cheche. 22 ni sensa ya joto la maji, ambayo kwa nyuzi 20 husoma omu 2,000 hadi 3,000 na kwa nyuzi 80 hushuka hadi 200 au 400. Ikibaki juu, kompyuta inadhani ni asubuhi na inamwaga petroli.

9. Cheche ipo, petroli ipo, gari halitaki. Hapa punguza haraka. Kama linazima kwenye mlio wa chini tu, tafuta kile kidude chenye waya mmoja kwenye kabureta, kinachofungua petroli ya mlio wa chini: washa ufunguo, kisikike kikigonga. Kikikaa kimya hali umeme unakifikia, kimekwama kwa joto.

Kama hilo ni sawa, pima uwazi wa valvu. Valvu iliyobanwa sana inafunga vizuri baridi, lakini shina lake likitanuka kwa joto linabaki limeachia kidogo, mgandamizo unavuja, na mlio wa chini unakufa. Gari lenye dalili hii huwa kimya isivyo kawaida, haligongi valvu hata kidogo, na mwenyewe hujisifia. Vipimo hutofautiana kwa kila injini, vingi vikiwa kati ya milimita 0.15 na 0.35, kwa hiyo tafuta vya injini yako. Kama unapima kompresheni, ipime ikiwa moto. Silinda zisipishane zaidi ya karibu bar 1.

Ukikwama

Haliwaki likiwa moto, na stata inazunguka kwa uzito. Hilo si petroli wala cheche. Stata kuukuu, au nyaya zilizoliwa, hunyonya umeme hadi koili inakosa. Pima volti kwenye koili wakati stata inazunguka. Zikishuka chini ya 9, rudi hatua ya 2.

Jaribio la kitambaa lilifanya kazi kwa koili na pia kwa pampu. Inawezekana gari lilikuwa linapoa lenyewe ulipokuwa ukifunga vitambaa. Lirudie, safari hii funga kimoja tu na usiguse kingine.

Linazima siku za kubeba mzigo tu. Petroli haitoshi. Filta, pampu, au bomba lililobanwa chini ya bodi na jeki.

Fundi anasisitiza kubadilisha kabureta yote. Mwonyeshe daftari. Akikataa kulitazama, tafuta mwingine.

Uko Mokowe au Witu, hakuna duka karibu, koili ndiyo mbovu. Kitambaa chenye maji juu yake, boneti imefungwa nusu kwa kamba ngumu, mwendo mdogo, na ukilowesha kila linapostuka utafika. Rezista iliyokufa unaweza kuiruka kwa waya kwa umbali mfupi, ukisimama mara kwa mara koili ipumue.

Gari ni dizeli. Cheche sahau. Gusa kwanza solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu: ufunguo ukiwashwa, isikike ikigonga. Halafu tafuta hewa kwenye bomba, kama hatua ya 7. Kama linazima au linakataa kuwaka likiwa moto tu, funika pampu ya sindano kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, ngoja dakika 5, piga stata. Usiimwagie maji, sehemu zake za ndani zimekaa kwa nafasi ndogo sana na zinaweza kushikana. Likiwaka, ndani ya pampu kumelika, dizeli nyepesi ya moto inapita pembeni badala ya kwenda kwenye nozeli, na hiyo ipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia.